Nzuri Kabisa, Asante

Jumatatu, 5 Septemba 2016 — York

Siku ya tatu ya kuitwa Bi. Parry. Nimeliandika jina hilo kwa kidole kwenye ukungu wa dirisha la gari, nikaliandika nyuma ya risiti ya petroli, na sasa naliandika hapa. Corinne Parry. Linakaa mdomoni kama peremende.

Tumetoka Stockport na mvua, tumevuka milima na mvua, tumeingia York na mvua. Sijali hata kidogo. Glyn anaendesha kwa mkono mmoja, wa pili ameuweka kwenye goti langu. Tukifika kwenye mzunguko anasema, "Naomba niazime mkono wangu kidogo, mke wangu." Anauomba! Kama vile ni mali yangu. Na ni mali yangu.

Niandike kwa nini safari hii si fungate tu, ili nikizeeka nisije nikachanganya mambo. Anti Menna, shangazi yake Glyn, ana nyumba ya wageni Llandudno, vyumba saba, bahari iko ng'ambo ya barabara. Miguu yake imechoka na ngazi. Siku ya harusi alitubana wote wawili karibu na keki, akasema anataka sisi tuichukue. Tuhamie, tuiendeshe, yeye abaki na chumba chake cha nyuma na paka wake. Tusipoitaka, yupo bwana mmoja wa Manchester anayetaka kuinunua aigeuze fleti, na bwana huyo ataambiwa ndiyo au hapana Jumanne ya wiki ijayo, saa sita mchana. Kwa hiyo sisi tumjibu Anti asubuhi hiyo, mezani.

Mimi jibu ninalo tangu utotoni. Nauza viatu, kutwa nimepiga magoti mbele ya soksi za watu. Nataka nisimame mlangoni nipokee watu, nichukue makoti yao yaliyolowa, niwaulize kama watakunywa chai. Na Glyn alimjibuje shangazi yake? Alitabasamu, akasema, "Itakuwa nzuri kabisa, Anti." Nusura niiangushe keki.

Basi tunazunguka miji, tunalala kwenye hoteli za wenzetu, tunajifunza. Hakimu ni mimi. Alama zinatolewa kwa biskuti, tano ndizo za juu, maana chumba chochote cha hoteli mimi naanza na sinia ya chai: birika, vikombe, na vile vikopo vya maziwa vinavyokurukia kifuani ukivifungua.

York ni nyumba ya matofali mekundu karibu na ukuta wa mji. Chumba ni kidogo hivi kwamba mmoja akivaa soksi, mwenzake inabidi alale. Biskuti za siagi, zimefungwa mbili mbili — mwenye nyumba hii anajua maana ya ndoa. Dirishani linaonekana kanisa kuu zima. Glyn hakulitazama. Yeye kazi yake ni kutandika mazulia, na kila chumba anachoingia hupiga magoti kwanza kwenye kona na kufunua ncha ya zulia. "Wamelibandika kwa gundi," alisema kwa huzuni, kama mtu aliyeona mbwa amefungwa nje kwenye mvua.

Nampenda mno huyu mtu. Biskuti nne.

Jumanne, 6 Septemba — bado York, kisha njiani

Lazima niandike haya kabla sijasahau hata neno.

Kifungua kinywa. Meza sita, watu wananong'ona kama wako msibani. Glyn aliagiza soseji, mayai, maharage na uyoga. Akaletewa samaki. Samaki mzima aliyekaushwa kwa moshi, amepasuliwa mgongo, anang'aa. Glyn na samaki hawaonani uso kwa uso. Mama yake aliniambia alipokuwa mdogo walikuwa wanazunguka mtaa mzima ili wasipite kwenye duka la samaki.

Nikangoja aseme. Akachukua uma.

"Glyn, huyo si wako."

"Sawa tu."

"Mwambie yule mama."

"Ana shughuli nyingi, Corinne. Tazama."

Yule mama alikuwa amesimama anatazama mvua. Glyn akamla yule samaki. Mwiba kwa mwiba, macho yamejaa machozi. Mama akaja kutuuliza, "Kila kitu sawa, wapenzi wangu?" Na mume wangu, mwiba ungali kwenye meno, akajibu, "Nzuri kabisa, asante."

Kwenye meza ya dirishani mzee mmoja alikuwa anatafuna soseji polepole sana. Mkewe alikuwa anamtazama vile vile ninavyomtazama Glyn.

Tulipokuwa tunapakia mizigo kwenye buti, yule mzee akatufuata, kofia mkononi. "Kijana, samahani sana. Nadhani nimekula soseji zako."

"Samahani mimi, mzee," Glyn akasema. "Nadhani nimekula samaki wako."

"Hapana, hapana, kosa ni langu."

"La, mzee, mimi ndiye ningesema."

Wangeombana radhi mpaka leo jioni kama mke wa mzee hangefungua dirisha la gari lao. Ni akina Pickersgill, wanatoka Hull. "Muulize kwa nini hakusema," aliniambia.

"Zilikuwa zimeshafika," mzee akajitetea. "Ningesemaje?"

"Huyu!" mkewe akasema. "Nyumbani huu mwaka wa arobaini, yai langu limekauka, chai yangu maji ya kuoshea vyombo, mkate wangu nimeukata kama kuni. Mlete hotelini, atakula hata kitambaa cha meza na kushukuru. Zamani nilikuwa naumia, binti. Siku hizi nimejua. Akinung'unika, yuko nyumbani. Akisema nzuri kabisa, ana koti lake mkononi, kama mgeni."

Tulicheka mpaka Glyn akasimamisha gari afute macho. Tulicheka tena tulipomaliza kucheka. Tulipokaribia Middlesbrough nikanyamaza.

Maana nilikuwa nimekumbuka Jumapili. Asubuhi yetu ya kwanza. Niliunguza mkate ukawa mweusi kama kigae cha paa, na Glyn akautafuna wote. "Nzuri kabisa." Chai yangu, kila nikimpa: nzuri kabisa. Jana niliimba kutoka Huddersfield hadi Leeds, nikamuuliza sauti yangu ikoje. Nzuri kabisa.

Je, mimi ni hoteli?

Na Anti Menna naye alimwambia vile vile.

Jumatano, 7 Septemba — Newcastle

Hoteli ndefu ya vioo kando ya mto. Lifti inazungumza. Chumbani tumekuta kadi: "Hongera kwa fungate yenu!" na chokoleti yenye umbo la moyo. Imewekwa katikati ya vitanda viwili vya mtu mmoja mmoja.

Nikamwambia Glyn ashuke mapokezi. Akaitazama kadi. "Wamejisumbua mpaka kuandika kadi," alisema. "Tutavisogeza tu."

Tukavisogeza. Vina magurudumu. Kila tukikaribiana, vitanda vinaachana. Nilipoamka asubuhi Glyn alikuwa sakafuni katikati ya vitanda, kama gari lililoingia mtaroni, na mkono wake ulikuwa juu bado umeshika wangu. Nikasahau kila kitu nilichoandika jana. Kwa muda.

Dada wa mapokezi, mcheshi, nyusi amezichora hadi karibu na nywele. "Mmelalaje, vipenzi?"

"Kama watoto wachanga," Glyn akasema.

"Wawili," nikasema mimi. "Kila mmoja na kitanda chake."

Akatumbua macho. "Kwa nini hamkunipigia? Kitanda cha fungate kimelala peke yake ghorofa ya tatu usiku kucha, kimewangoja!" Glyn akawa mwekundu hadi shingoni. Dada akaniinamia: "Huyu mumeo nyumba ikishika moto atawaomba wazimamoto radhi kwa usumbufu."

Biskuti mbili, za shayiri. Nimeongeza moja kwa ajili ya yule dada.

Alhamisi, 8 Septemba — Edinburgh

Nimefanya jambo baya kidogo. Nimemjaribu mume wangu.

Tumefikia nyumba ndefu ya mawe, juu kabisa, ngazi zisizokwisha. Mwenyeji ni Bwana Geddes, mrefu, ana viatu vya sufu vya ndani na hana maneno ya ziada. Asubuhi alimwekea Glyn uji wa shayiri wenye chumvi.

"Uji ukoje?"

"Nzuri kabisa, asante."

"Hujautia kijiko bado," Bwana Geddes akasema, akaenda zake.

Ndipo nikapata wazo. Jioni nilipika chai chumbani. Kifuko kimoja nikakichovya vikombe viwili. Maji hayakuchemka. Vikopo vinne vya maziwa. Sukari mbili — Glyn hatumii sukari. Rangi yake ilikuwa ya maji ya mtaroni. Nikampa, nikakaa kumtazama.

Alikunywa. Akaniwekea mkono kwenye paji la uso, sijui kwa nini.

"Ikoje?"

"Nzuri kabisa, mpenzi."

Nikageuka nikaitazama ngome juu ya mwamba, imewashwa taa, nzuri kama keki. Niliitazama muda mrefu ili asinione uso.

Kuna mtu atasema: mume anakusifia, unalia nini? Lakini mimi sitaki kusifiwa, nataka kujua. Kama anaweza kuinywa ile chai akatabasamu, anaweza kuishi Llandudno miaka thelathini akatabasamu. Na mimi nitakuwa naringa mlangoni, nachukua makoti ya watu, huku mume wangu ndani ya nyumba yangu anameza miiba.

Bwana Geddes: biskuti tatu. Hakutudanganya hata mara moja.

Ijumaa, 9 Septemba — Edinburgh

Mvua. Miguu inauma. Glyn ameninunulia skafu ya sufu, ya kijani, amenifunga mwenyewe shingoni pale barabarani, vidole vyake vya baridi chini ya kidevu changu. Inakwaruza kama ufagio. Aliniuliza kama nimeipenda.

Nikasema, nzuri kabisa.

Nimejisikia mwenyewe nikisema.

Jumamosi, 10 Septemba — Glasgow

Wiki moja kamili! Hoteli kubwa ya zamani karibu na stesheni, ngazi pana za kuteremkia ukiwa na gauni refu. Sina gauni refu. Niliteremka na koti la mvua, lakini niliteremka polepole. Zulia la hapa ni sufu tupu, maua madogo, na Glyn alipopiga magoti hakuona mahali lilipounganishwa. Alipitisha kiganja mara mbili. "Aliyelitandika hili alikuwa anapenda watu," alisema. Maneno kama hayo ndiyo yaliyonifanya nimkubali. Siku ya kwanza kuonana alikuwa kwenye sakafu ya duka letu la viatu, anatandika zulia jipya, misumari mdomoni, na alinyanyua kichwa akaniambia viatu vyangu nimevivaa kinyume, cha kushoto mguu wa kulia. Vilikuwa hivyo kweli. Aliniambia! Kwa nini siku ile aliweza?

Tukaenda kula mchuzi wa bizari kwa Wahindi, maana Glasgow bila huo si Glasgow. Nikasema moyoni, ni leo.

"Glyn, ile nyumba ya Anti Menna unaitaka?"

"Itakuwa nzuri kabisa."

"Sikuuliza itakuwaje. Unaitaka?"

"Wewe unaitaka."

"Nimekuuliza wewe."

Akaanza kuukunja mkate wake, akaukunjua. Mhudumu akafika. "Kila kitu sawa hapa?"

"Nzuri kabisa, asante," tukajibu. Wote wawili, kwa sauti moja, kama kwaya. Mhudumu akatazama sahani zetu ambazo hatujazigusa, akatutazama sisi, akarudi jikoni taratibu.

Hatukuzungumza tena jambo hilo. Alinifunika na koti lake tukirudi. Ni mpole mno, na upole wake leo umenichoma.

Biskuti tano, kwa haki ya zulia. Sikula hata moja.

Jumapili, 11 Septemba — kando ya barabara kuu, karibu na Lancaster

Hatukupanga kulala hapa. Tulipanga Chester, chumba chenye mihimili ya mbao na picha ya mbwa wa mwenye nyumba kwenye tangazo. Lakini waipa ya upande wa Glyn ilikatika katikati ya mvua, akaendesha kichwa nje ya dirisha hadi kwenye kituo cha kwanza cha kupumzikia. Fundi anakuja asubuhi. Kwa hiyo tuko kwenye hoteli ya malori. Chumba cha rangi ya kahawia. Dirisha halifunguki. Harufu ya chipsi. Ukuta unatetemeka lori likipita, na malori hayaishi. Sinia ya chai: kikombe kimoja cha kawaida, kimoja cha karatasi, na hakuna biskuti hata punje.

Nikasema nifanye suluhu. Nilipika chai kwa moyo wangu wote. Maji yalichemka hasa. Nilimpa Glyn kikombe cha kawaida, nikachukua cha karatasi. Nywele zake zilikuwa zimelowa zimelala kwenye paji la uso kama za mtoto wa shule.

Akanywa. Akakitazama kikombe. Akakiweka chini.

"Corinne."

"Naam."

"Nataka kukwambia jambo. Naomba usikasirike."

Nikakaa kitandani. Niliwaza nyumba. Niliwaza mabaya kuliko nyumba.

"Chai yako ni mbaya."

Lori likapita.

"Mbaya vipi?" nikauliza.

"Sana. Tangu zamani. Unakitoa kifuko kabla hakijajua kimeingia. Nilifikiri tukishaoana itabadilika. Na ile ya Edinburgh... Nilidhani unaumwa. Nilikushika kichwa nione kama una homa."

Nikaanza kulia. Akaruka. "Inanyweka! Tazama, nainywa, nzuri ka—"

"Usithubutu! Endelea. Na mkate?"

"Mkaa."

"Kuimba kwangu?"

Akafumba macho. "Ule mwanzo vizuri. Ukipanda juu... mbwa wa Leeds walisikia." Hapo nikawa nacheka na kulia pamoja, na nilivua ile skafu nikamtupia. "Na hii inawasha kama upupu!" nikasema. Akaivaa, akajikuna, tukaanguka kitandani tunacheka mpaka jirani akagonga ukuta. Glyn akapaza sauti kwa adabu kuuelekea ukuta: "Samahani!" Tukacheka upya.

Baadaye nikamuuliza tena, kichwa changu kwenye bega lake. Safari hii alijibu.

"Sijui," alisema. "Ukweli wangu ndio huo. Nimekwenda kwa Anti kila kiangazi tangu nijue kutembea. Vua viatu, Glyn. Usiguse, Glyn, ya wageni hiyo. Asante, Anti. Nzuri kabisa, Anti. Sijawahi hata kufungua friji yake. Sijui kama mtu anaweza kukaa kwake mahali ambapo siku zote amekuwa mgeni. Nikisema ndiyo kwa sababu tu wewe unaitaka, itakuwa yule samaki, Corinne. Na nyumba nzima siwezi kuimeza."

"Basi usiimeze," nikasema. Ilinitoka kirahisi. Haikuwa rahisi. Ile picha yangu ya mlangoni, na makoti, niliiona ikirudi nyuma, inakuwa ndogo. Lakini bega lilikuwa pale pale.

"Nipe mpaka Jumanne asubuhi," alisema. "Nitakapojua nitasema. Sitasema nzuri kabisa."

Hapa hakuna biskuti. Kwa hiyo nimeipa zote. Za York, za Glasgow, zote zije hapa, kwenye chumba hiki cha kahawia. Hoteli bora ya Uingereza nzima.

Jumatatu, 12 Septemba — Llandudno

Jua! Bahari imetulia kama sahani. Anti Menna alikuwa mlangoni na fimbo yake na aproni yake ya maua, akatubusu, kisha akasema, "Viatu."

Tukavua.

Nyumba ni ile ile. Bakuli la peremende za mnanaa kwenye meza ya korido. Kengele ya shaba ya kuitia watu chakula. Zulia la ngazini la zambarau na maua ya chungwa, lina umri mkubwa kuliko Glyn. Tumepewa chumba namba tatu, cha mbele. Sinia ya chai ina kitambaa alichokishona mwenyewe.

Nilimtazama Glyn. Hoteli zote tulizolala, hata ile ya malori, alipiga magoti kwenye kona akafunua zulia. Hapa hakupiga magoti. Alisimama katikati ya chumba. Na koti lake lilikuwa mkononi.

Nikakumbuka mama Pickersgill.

Chakula cha jioni, mchuzi wa kondoo na viazi. Anti akauliza, naye akajibu, "Nzuri kabisa, Anti." Kisha akaniangalia haraka, akainamisha macho. Mchuzi ulikuwa hauna chumvi kabisa. Na mimi sikusema.

Nilimsaidia Anti kuosha vyombo. Wageni ni wanawake wawili tu, dada wa Coventry. Vyumba vingine vitupu, na kiangazi hakijaisha. Anti alikuwa anafuta sahani ile ile muda mrefu.

"Unajua kinachoniua, mwanangu? Si miguu. Kila anayelala hapa namuuliza, kila kitu sawa? Nzuri kabisa, Bi. Menna. Wananishika mkono, wananisifu. Wakitoka hapo mlangoni, hawarudi. Huu mwaka wa tatu. Kuna jambo halipo sawa humu na hakuna mtu mmoja wa kuniambia. Ningempa chumba bure atakayenitukana."

"Anti, mbona hukumuuliza Glyn?"

"Glyn?" akacheka. "Glyn ndiye mgeni wangu mwenye adabu kuliko wote."

Alitundika kitambaa. "Kesho mnijibu mkila. Saa sita nampigia yule bwana. Na usinitazame hivyo, wala sitalia."

Nimempelekea Glyn chumbani maneno hayo kama yalivyo, neno kwa neno. Amelala chali, anatazama dari. Usingizi haujaja.

Hapa sitoi alama. Siwezi kuihukumu. Naipenda mno.

Jumanne, 13 Septemba — Llandudno, asubuhi

Ninaandika haraka. Nimetumwa juu nilete futi ya kupimia, na nimekaa kitandani dakika moja tu.

Tulikuwa mezani. Dada wa Coventry kwenye meza yao, wananong'ona. Anti Menna akaja na birika la chai, nywele amezichana vizuri, amevaa bruchi, pambo lake la kifuani. Akaanza na wao. "Kila kitu sawa?"

"Nzuri kabisa, asante."

Akaja kwetu. Hakuuliza habari ya nyumba. Aliuliza vile anavyouliza siku zote, labda aliogopa kuuliza lile lingine. "Na ninyi, Glyn? Kila kitu sawa?"

Glyn akaweka uma chini. Chini ya meza nikashika kitambaa.

"Hapana, Anti," alisema.

Akaisukuma sahani yake mbele.

"Yai limekauka. Ungeweza kuzuilia mlango nalo usifungwe na upepo. Mchuzi wa jana haukuwa na chumvi. Birika la chumba namba tatu lina ukoko wa chokaa, unaelea vipande kwenye chai. Taulo ukijifutia unabaki na maji yale yale." Masikio yake yalikuwa mekundu kama nyanya, lakini hakukoma. "Na lile zulia la ngazini, Anti, limeachia kwenye ngazi ya juu kabisa. Nimelijua tangu nina miaka tisa. Ipo siku litamtupa mtu mpaka kwenye kengele. Inaniuma kila nikilikanyaga. Miaka yote inaniuma."

Anti Menna akaweka birika mezani. Akakunja mikono. Ndipo yule dada mdogo wa Coventry akanyanyua kidole, kama mwanafunzi. "Samahani, kwa kuwa mambo yameshaanza kusemwa... mto wangu unanuka paka."

"Maureen!" dada yake akasema.

"Unanuka kweli, Joan, na wewe ulisema."

Anti Menna akavuta kiti akaketi. Mle ndani, kwenye meza ya wageni. Sijawahi kumwona akiketi mle. Alimtazama Glyn kama mtu anayejaribu kukumbuka amemwona wapi.

"Endelea," akasema.

Na Glyn akaendelea! Mapazia. Kibao cha "usiguse". Alipoishiwa maneno akainuka, akaenda jikoni, nikasikia friji inafunguliwa. Akarudi na kipande cha jibini mdomoni. Kisha akapita moja kwa moja hadi kwenye ngazi, akapiga magoti.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu hakungoja ya tatu, na jembe kalitafuta mwenyewe. Sasa hivi nasikia misumari ikitoka mmoja mmoja, na zulia linachanika kutoka kwenye mbao.

"Glyn! Nilikwambia endelea kusema, sikukwambia ubomoe!"

"Shika hapo, Anti. Hapo hapo. Usiachie."

"Na hivi vumbi lote hili lilikuwa chini ya miguu ya watu?"

"Ndiyo, Anti."

"Na hukuniambia."

"Ndiyo, Anti."

Jibu bado hajalitoa. Hakuna aliyelisema lile neno, si ndiyo wala hapana. Saa sita haijafika, lakini simu ya korido inalia, na ninadhani ninajua ni nani asiye na subira kule Manchester. Inalia bado. Hakuna anayeipokea — wote wawili wameshika zulia.

Glyn ananiita. Niteremke na futi, nikanyage pembeni kwa sababu ngazi ziko uchi. Na kama nilikuwa nafikiria kupita jikoni kuwapikia chai, anasema, nisithubutu, atapika yeye.